Mtoto Aipime Nchi Yake: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Katika Kufundisha Jiografia

Mtoto wa darasa la tano anaweza kuitaja mikoa yote 31 ya Tanzania kwa pumzi mbili. Mtoe nje, mwulize kaskazini iko wapi, naye atanyoosha kidole mbinguni. Kosa si lake. Ni la mwalimu aliyemwonyesha ramani ikiwa ukutani tu, kaskazini ikiwa juu karibu na dari, akamwambia akariri.

Siku hizi kila mtu anahimiza somo lichangamke: nyimbo, michezo, zana za rangi. Ni vema. Lakini kelele si elimu. Mchezo wa jiografia una kazi moja tu, nayo ni kumfanya mtoto apime, atazame na aulize. Usipofanya hivyo, umekula kipindi bure.

Kanuni zifuatazo ni za mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto 80 darasani, ubao, chaki na kiwanja. Mzazi anayemsaidia mwanawe nyumbani zinamhusu vilevile.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ilaze ramani chini.

Ishushe ramani ukutani, itandaze sakafuni au uwanjani, elekeza kaskazini yake kwenye kaskazini ya kweli, kisha watoto waizunguke. Anayesimama Mtwara amtazame mwenzake wa Kagera. Wa Kigoma aseme jua linamchomozea kutoka upande wa nani. Watoto wengi huamini kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, ndiyo maana hushangaa wakiambiwa kwamba Mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kwenda kaskazini hadi Bahari ya Mediterania. Wanadhani maji yanapanda mlima. Ramani ikilala chini, mshangao huo unakwisha bila hotuba.

Shule za Dar es Salaam na Unguja zina msaada wa bure. Makka iko karibu katika longitudo ileile, kwa hiyo kibla ya misikiti ya huko ni kaskazini karibu kamili. Mtoto anayejua msikiti wa mtaani kwao umeelekea wapi tayari ana dira. Mwenzake wa Kigoma ataona kibla yake imeinamia mashariki, na swali la kwa nini litakuja lenyewe.

2. Simamisha kijiti uwanjani.

Hakuna zana ya jiografia iliyo bora kuliko kijiti cha mita moja kilichosimama wima juani. Kikague kwa timazi ya uzi na jiwe, kama fundi mwashi. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, kila baada ya dakika kumi, mtoto mmoja aweke kizibo cha soda pale ncha ya kivuli ilipofika na mwingine aandike saa. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha adhuhuri ya kweli, na mstari wake unakwenda kaskazini na kusini. Upigeni chokaa, ubaki uwanjani mwaka mzima.

Kisha rudieni zoezi katika miezi mingine, maana utamu uko hapo. Dar es Salaam, mwishoni mwa Mei, kivuli cha adhuhuri huwa nusu mita na kidogo, kikielekea kusini. Mwishoni mwa Novemba huwa robo mita hivi, na sasa kimegeukia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, adhuhuri haina kivuli: jua liko utosini. Mtoto aliyepima mwenyewe hahitaji kukaririshwa safari ya jua kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni. Ameiona ardhini.

Lipo na swali la saa. Kwa nini kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili? Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nayo Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo adhuhuri ya Dar huchelewa kwa wastani wa dakika 23. Kigoma, iliyo karibu nyuzi 30, huchelewa saa nzima. Watoto wamekwisha kuuona ushahidi wa jambo hili nyumbani: katika ratiba za Ramadhani, futari ya Kigoma huwa karibu dakika 40 baada ya ile ya Dar es Salaam. Ratiba hiyo iletwe darasani. Ni somo la longitudo lililokwisha kuandikwa.

Onyo: mtoto asilitazame jua lenyewe hata kwa dakika moja. Kivuli kinatosha.

3. Pimisha kina na kimo kwa uzi.

Namba kubwa hazina maana kwa mtoto mpaka azishike. Chagueni kipimio: sentimita moja iwe mita kumi. Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa ni karibu mita 80, linapata uzi wa sentimita 8. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, linapata uzi wa sentimita 147, ambao unaweza kumzidi kimo mtoto anayeushika. Zifungeni nyuzi zote mbili kwenye tawi moja na jiwe dogo chini ya kila uzi, na msizitolee maelezo kwanza. Waache watoto waulize.

Sasa wapeleke mbali zaidi. Kwa kipimio hicho, mita moja ni kilomita moja. Watembee urefu wa Ziwa Victoria kutoka kaskazini hadi kusini: zaidi ya mita 300, pengine nje ya geti la shule. Ziwa la kutembea hivyo, kina sentimita nane! Ndipo waelewe kwamba Victoria ni maji yaliyotuama katika bonde pana lisilo na kina, na Tanganyika ni maji yaliyojaa katika ufa wa dunia, Bonde la Ufa. Uso wa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Watoto wakitoa namba hiyo katika 1,470, watagundua wenyewe kwamba sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mwisho, Kilimanjaro yenye mita 5,895 ipimwe kwenye mlingoti wa bendera: karibu mita 5.9.

4. Jengeni kipimamvua, na kisomwe kila siku.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyonyooka ubavuni. Mwalimu mwenyewe aikate sehemu ya juu, aipindue na kuirudisha mdomoni kama faneli. Chini wekeni changarawe na maji mpaka maji yaifunike changarawe sawasawa, na hapo ndipo alama ya sifuri. Bandikeni rula. Chupa iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, isomwe saa tatu asubuhi kila siku, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Mtoto wa zamu aandike tarehe na milimita kwenye karatasi ya manila.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Watoto wapime paa la darasa lao wakokotoe ni ndoo ngapi zimemwagika bure usiku wa jana. Kisha wachore ukutani mvua ya mwaka kwa kimo chake halisi: Dodoma, kama sentimita 60 au pungufu, Bukoba, karibu mita mbili, juu ya kichwa cha mwalimu. Masika na vuli zitaacha kuwa maneno ya kitabuni, na watoto wa mikoa ya kati na kusini wataona kwamba kwao kuna msimu mmoja tu wa mvua.

Shule ya pwani iongeze daftari la maji: saa ya kujaa na saa ya kupwa, bamvua na maji mafu, pamoja na umbo la mwezi wa usiku huo. Baada ya mwezi mmoja watoto wataona wenyewe kwamba bamvua linafuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kaskazi na Kusi nazo zirekodiwe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti. Wavuvi wa hapo kijijini wakaribishwe kuthibitisha. Wanajua kuliko kitabu.

5. Tumia michezo wanayoijua.

Mchezo wa "nyama nyama" kila mtoto anaujua: anayeongoza hutaja mnyama, wenzake huruka na kuitikia ikiwa analiwa, hutulia ikiwa haliwi. Badili wanyama kuwa maziwa. Rukwa! Wanaruka. Natron! Wanaruka. Eyasi! Wanaruka. Ruvuma! Anayeruka ametoka, na kabla ya kutoka anauonyesha Mto Ruvuma kwenye ramani na kutaja nchi iliyo ng'ambo yake. Hilo la mwisho ndilo linaloufanya mchezo uwe somo.

Vitendawili pia. Wanaoshindwa hutoa mji, na mila hiyo ilikuwa jiografia kabla ya shule kujengwa. Mtegaji akipewa Tabora, asiende Tabora bure: aseme anatoka wapi, anaelekea upande gani wa dira, anapita mikoa gani, na atakuta zao gani. Akikosea, anarudisha mji.

6. Wapeleke sokoni.

Kila kikundi kiulize wauzaji watano swali moja: mzigo huu umetoka wapi? Warudi na majibu, wachore mishale kwenye ramani. Mchele wa Kyela, korosho za Mtwara, machungwa ya Muheza, vitunguu vya Mang'ola, zabibu za Dodoma, dagaa wa Kigoma, karafuu za Pemba. Kazi haijaisha hapo. Kwa nini zabibu Dodoma na si Bukoba? Kwa nini chai Mufindi na si Lindi? Watoto warudi kwenye kipimamvua chao na kwenye ramani ya miinuko wakatafute jibu. Mshale usio na "kwa nini" ni mchoro tu.

Wafundishe kwanza adabu za sokoni: kusalimia, kutomzuia mteja, kushukuru.

7. Fuateni timu na treni.

Mtoto asiyejua Lindi iko wapi anajua timu ya soka ya Namungo ni ya Ruangwa, mkoani humo. Anajua Coastal Union ni ya Tanga, Mashujaa ni ya Kigoma, na Kagera Sugar huchezea Kaitaba, Bukoba. Anzia hapo. Timu ya Dar inakwenda Bukoba: pimeni kwa rula mstari mnyoofu, karibu kilomita 1,000, kisha lazeni uzi juu ya barabara yenye kona na mpime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ielezwe na watoto: ni milima ipi, ni ziwa lipi, ni hifadhi ipi barabara imeikwepa?

Reli nazo zina hadithi ya nchi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa ili Zambia isiyo na bahari ipate bandari. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Watoto wachore vituo, wajibu swali: mizigo gani inashuka kwenda pwani, na ipi inapanda kwenda bara?

8. Fundisha kontua kwa kiazi, na ramani ya dunia kwa chungwa.

Kata kiazi mviringo kwa urefu, kilaze. Huo ni mlima. Toboa matundu mawili kwa njiti kutoka juu hadi chini. Kikate vipande vya unene mmoja, kisha watoto wazungushe penseli kwenye kila kipande, kikubwa kwanza, wakilinganisha matundu. Watapata kontua. Watauliza kwa nini upande mmoja mistari imesongamana: waambie wapange vipande upya, wapande upande huo kwa kidole, waseme wapi pana mteremko mkali.

Kwa chungwa, wachore mabara kwenye ganda, walimenye bila kulivunja, walilaze mezani. Litapasuka. Ndiyo maana kila ramani bapa ya dunia hupotosha kitu. Ile ya Mercator ya mwaka 1569 inaikuza Greenland mpaka inakaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mtoto wa Kiafrika ana haki ya kulijua hilo mapema.

9. Chorisha ramani ya mtaa wao.

Wapime kwa hatua: kutoka shule hadi kisimani, hadi zahanati, hadi korongo linalofurika. Ramani yao iwe na jina, dira, ufunguo, kipimio na fremu. Jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka kata zinazofurika wakichora nyumba, njia na mifereji katika mradi wa Ramani Huria, kwa sababu mitaa mingi haikuwa na ramani ya kuaminika. Waeleze watoto hivyo. Wajue ramani hutengenezwa na watu wanaotembea kwa miguu, na wao pia wanaweza.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimchape mtoto kwa kosa la ramani. Asichapwe, asichekwe, asisimamishwe mbele kwa aibu. Aliyeogopa haulizi, na somo hili bila swali limekufa. Kosa lirudishwe uwanjani likapimwe upya.

2. Usitumie ramani iliyopitwa na wakati bila kuisahihisha. Ramani isiyo na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya 2012. Isiyo na Songwe ni ya kabla ya 2016. Ramani ya Afrika isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Kitabu kinachoitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa ya nchi tano hakijapata habari za Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Kama hakuna ramani mpya, itumie hiyohiyo kuwa fumbo: watoto watafute kilichopungua na wakichore.

3. Usifungie zana ofisini. Tufe lililofunikwa nailoni juu ya kabati la mwalimu mkuu, ili lisichakae, halimfai mtu. Tufe lililochubuka kwa vidole vya watoto limefanya kazi yake.

4. Usiwachoree. Mwalimu anayepamba ukuta kwa ramani nzuri alizozichora usiku amejifundisha mwenyewe. Ramani iliyopinda ya mtoto ina thamani kuliko yako iliyonyooka, kwa sababu ameamua mwenyewe kila mstari.

5. Usiwatwishe wazazi gharama. Ukiagiza "mfano wa mlima wa volkano", mzazi atamlipa fundi, mtoto ataleta kitu cha kupendeza asichoweza kukieleza, na asiye na pesa ataona haya. Toa alama kwa kazi iliyofanyika mbele yako kwa udongo, katoni, uzi na vizibo. Iliyonunuliwa isipewe alama.

6. Usiyageuze maafa kuwa mchezo. Watoto wa Katesh waliona matope ya Mlima Hanang yakishuka tarehe 3 Desemba 2023. Watoto wa Bukoba wa mwaka 2016 walikimbia nyumba zikitikisika Septemba 10. Hayo yafundishwe, tena kwa makini: chanzo chake, dalili zake, na mtoto afanye nini. Usiwaambie waigize waliokufa, wala usiwashindanishe kwa idadi ya marehemu. Darasani mwako huenda yumo aliyefiwa.

7. Usiruhusu dhihaka za mikoa. Mchezo wa kutaja mikoa usiwe mlango wa kutania kabila, lafudhi au umaskini wa mtu. Anayeanza kwa kucheka alikotoka mwenzake hawezi tena kujifunza chochote kuhusu huko. Kemea papo hapo.

8. Usianzie mbali. Mtoto asiyejua mto unaopita nyuma ya shule yake unatiririka kwenda wapi hajawa tayari kwa Amazon. Fuateni kwanza kijito chenu: kinaingia mto gani, na mto huo unaishia wapi, Bahari ya Hindi, ziwa, au bwawa lisilo na njia ya kutokea? Kuna maji ya Tanzania yanayokwenda Mediterania kwa kupitia Nile, na mengine yanayokwenda Atlantiki kwa kupitia Ziwa Tanganyika na Mto Kongo. Dunia nzima inafikiwa kutoka kwenye kijito hicho.

9. Usitegemee simu yako kuwa zana ya darasa. Picha ya setilaiti ni nzuri, lakini watoto 80 hawawezi kutazama kioo kimoja. Itumie wewe katika kuandaa somo, kisha uhamishie ubaoni kile unachokihitaji.

10. Usitoke nje bila utaratibu. Vikundi vya watoto wanane wanane, kila kimoja na kiranja, kazi iliyoandikwa na muda wa kurudi. Ruhusa ya wazazi kwa safari za nje ya shule, maji ya kunywa, na mtu mzima karibu na kila mto au ziwa. Mwalimu asiyeweza kuwahesabu watoto wake wakati wowote asivuke geti.

11. Usianzishe mchezo wowote kabla hujaandika kwenye andalio la somo sentensi hii na kuimalizia: "Baada ya kipindi hiki mtoto ataweza…" Iwe ni kitendo kinachoonekana: kuonyesha kaskazini bila dira, kusoma milimita za mvua, kupima umbali kwa uzi, kueleza kwa nini zabibu ziko Dodoma. Ukikosa cha kuandika, mchezo huo uache, hata kama watoto wanaupenda, hata kama mkaguzi atausifu. Na ukiandika, basi mwisho wa kipindi mwite mtoto yeyote, si yule hodari tu, akifanye kitendo hicho mbele yako. Akishindwa, kesho mnarudia.